Kumi ya Uru

Mliniacha kwenye kiti kirefu cha meza ya karata, jasho linanichuruzika mgongoni, na mlango wa wafanyakazi unafunguka. Bado nipo hapo hapo. Na aliyetoka mlangoni, kama mlivyohofia wengi wenu, ni mdogo wangu.

Kwa wewe ambaye gazeti hili umelipata leo likiwa limefungiwa sabuni, nikueleze kwa ufupi. Mimi ni fundi cherehani. Mdogo wangu, tumbo moja, ni mgawa karata katika kasino. Alipokuwa anajifunza kazi alikuwa akija kwangu, tunasogeza vitambaa, anagawa, mimi nakaa upande wa mteja. Huko ndiko nilikogundua kwamba karata zikipita mbele ya macho yangu hazipotei.

Bahati mbaya mume wake naye aligundua. Huyu shemeji yangu ana ulimi wa kumuuzia samaki maji.

"Shemeji," aliniambia, "kichwa hicho unakimalizia kwenye pindo za magauni? Mungu atakuuliza."

Tukaanza. Mimi nahesabu, yeye anaweka dau kubwa. Siku ambazo mkewe yuko zamu hatukanyagi pale. Mdogo wangu hakujua kitu, si kuhusu mimi wala kuhusu mumewe. Na nisiwadanganye kwamba nilisukumwa na shida. Nilipenda. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa najua kitu ambacho chumba kizima hakijui, na raha yake ilinilevya.

Lakini mlielewe jambo moja, maana ndilo lililonifanya nitetemeke siku ile. Kuhesabu karata kwa kichwa si jinai. Wakikubaini wanakupiga picha na kukuambia usirudi, basi. Jinai ni mgawa karata kula njama na mchezaji. Mgawa karata mmoja, mwenzake na mdogo wangu, alitolewa kwa pingu kupitia mlango wa mbele, kusudi wateja waone, na mpaka leo yuko ndani. Sasa mgawa karata akikutwa na dada yake mezani kwake, dada anayehesabu, hakimu gani ataamini kwamba hakujua?

Ndiyo hofu yangu hiyo. Si mimi. Ni yeye.

Haya, tuendelee.

Mdogo wangu siku ile hakuwa na zamu. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu. Nikamwona anatoka amevaa kizibao chake cheusi, nywele amezibana nyuma, anakuja moja kwa moja kwenye meza yangu. Yule kaka aliyekuwa anagawa akapiga makofi mara moja, akageuza viganja juu kuionyesha kamera kwamba haondoki na kitu, akampisha.

"Mwenzangu mmoja anaumwa," mdogo wangu alimweleza. "Nimeitwa nikiwa nyumbani naosha vyombo."

Kisha akainua uso, akaniona.

Jamani, huyu mtoto namjua. Nimemfunga nepi, nimemfundisha kusuka, nimelala naye kitanda kimoja mpaka siku aliyoolewa. Kope zake tu zilicheza. Halafu akatabasamu lile tabasamu la kazini, la meno bila macho.

"Karibuni wateja. Bahati njema. Mama, unaendelea?"

Mama! Tangu apate kuongea hajawahi kuniita chochote ila Dada. Alipozaliwa nilikuwa nimeshapita miaka kumi, lakini hata akikasirika, hata akinitukana, hulianza tusi kwa Dada. Neno lile lilinichoma nikajua ameshaelewa kwamba haitakiwi mtu yeyote pale ajue.

"Naendelea, binti," nikasema.

Mtaniuliza, kwa nini hukuondoka? Ungeinuka tu, ukaaga, ukaenda zako.

Ah! Ndipo penyewe. Wanaocheza mchezo wetu huwa na alama zao. Huyu anagusa sikio, yule anakohoa, mwingine anaweka leso mezani. Shemeji alizidharau zote, akasema kamera zinazijua tangu enzi za bibi. Akabuni yake, na akajivunia kama aliyegundua moto. Alama yetu ilikuwa ni kuinuka. Karata zikinona, mimi nainuka kama mama aliyechoka kuliwa pesa, napachika mkoba begani, nakwenda zangu. Yeye anakuja kukaa kwenye kiti kile kile kabla hakijapoa. Nani atamshuku mama anayeondoka?

Tulilifanyia mazoezi nyumbani kwangu, kwenye kiti cha cherehani. Nainuka, anakaa. Nainuka, anakaa. Mpaka miguu yake ikawa haingoji kichwa.

Sasa shemeji alikuwa nyuma yangu, karibu na nguzo, kofia imemfunika nyusi, macho kwenye televisheni ya mpira. Mkewe alipoingia alikuwa amegeuka. Kwa pembe ya jicho alikuwa ananichunga mimi tu, kiti changu tu. Ningeinuka, angekuja mbio kuketi uso kwa uso na mke wake, mfuko umejaa. Na alama ya kumwambia "usije" hatukuwa nayo. Nikabaki nimegandishwa pale kama kitambaa kwenye pini.

Mezani tulikuwa wawili. Mwingine alikuwa dereva wa malori, mgeni kabisa wa mchezo, amekuja kupoteza muda wakati gari lake linabadilishwa matairi.

"Mama, wewe unacheza kama unanunua nyanya," alinitania. "Unazitazama, unazitazama, mwisho hununui."

"Nyanya mbovu zimejaa sokoni, baba."

Alicheka. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilijiambia niache, lakini ni sawa na kumwambia mtu asisikie. Mimi nahesabu kwa mishono. Karata ndogo, ya mbili mpaka ya sita, mshono mmoja mbele. Karata ya picha au ree, mshono mmoja nyuma. Saba, nane na tisa, sindano haisogei.

Ila mchezo wa nyumba ile una ukorofi wake. Karata za kumi hazimo. Wanazitoa zote kabla ya kuchanganya, wanabakiza mfalme, malkia na ghulamu, halafu wanakupoza na vizawadi vya hapa na pale ili usilie. Kila pakiti imepokonywa kumi nne, na sanduku lina pakiti sita. Kwa hiyo huanzi sifuri kama kwenye michezo mingine. Unaanza ishirini na nne nyuma, ndani ya shimo, na unashona ukipanda. Ukifika juu ukauona mchana, hapo sanduku limejaa karata za kukufaa, muite mwenye dau.

Siku ile, kwa ubishi tu, karata ndogo zilitoka kama mvua. Nilipanda shimo lile mbio. Mbili, nne, tatu, sita. Nikatoka juu, nikaendelea kupanda hewani. Sijapata kuona sanduku zuri kama lile tangu nianze, na nilikuwa naomba Mungu liharibike.

"Ongeza," dereva akasema. Alikuwa na sita na tano, na mchezo wenyewe ni kuifikia ishirini na moja bila kuipita.

Mdogo wangu akavuta karata, akaigeuza.

Kumi ya uru.

"Ishirini na moja!" Dereva alipiga meza. "Leo nalala na viatu kwa raha!"

Mimi nilikuwa nimeishikilia sindano yangu hewani, sijui niipeleke wapi. Kumi! Nitaishona nyuma? Haimo kwenye hesabu. Haimo kwenye sanduku. Ni sawa na kukuta kifungo cha sita kwenye shati la vifungo vitano. Fundi uzi ukimfunga, huchomeka sindano kwenye kola apate mikono miwili ya kufungua fundo. Mkono wangu ulikwenda kwenye kola wenyewe, vidole viwili vimebana sindano isiyokuwepo.

Niliushusha haraka. Uso sikuubadilisha, namshukuru Mungu. Ni mkono tu.

Nikamtazama mdogo wangu. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya ile karata. Yeye ndiye mwenye kujua kuliko wote kwamba kumi haimo. Na kazi yake anaijua. Akikutana na karata isiyo ya mchezo, anabandika kiganja mezani na kuita, "Msimamizi!" Mchezo unasimama. Msimamizi anakuja, kamera zinarudishwa nyuma, na kila uso uliopo pale unatazamwa mpaka vinyweleo.

Kila uso. Na wangu.

Alikuwa ameuona mkono wangu kwenye kola. Ameuona maisha yake yote, nikishona sare zake za shule, nikishona gauni lake la harusi. Akaelewa kwa nini dada yake ameshtushwa na kumi. Akaelewa dada yake anafanya nini pale.

Akamlipa dereva. Akakusanya karata, kumi ya uru ikiwa katikati yao, akazitia kwenye trei ya zilizokwisha. Akaanza kugawa upya.

Moyo wangu ulifurahi kwanza, mjinga yule. Nikasema damu nzito kuliko maji. Halafu nikakumbuka kile kijicho cheusi cha kamera kwenye dari, juu ya vichwa vyetu, ambacho hakina ndugu.

Hatukumaliza hata mzunguko uliofuata.

"Mama yangu, samahani." Sauti ilitoka nyuma, laini kama ya muuza manukato. "Ningeomba tuzungumze kidogo. Na wewe binti, mpishe mwenzako."

Ni yule meneja niliyewasimulia wiki iliyopita, Bwana Miwani, mwenye tabia ya kufuta miwani kwa ncha ya tai. Mdogo wangu akapiga makofi, akaonyesha viganja. 

Meneja mwenyewe alinivutia kiti nishuke, akanishika mkono kama ninaumwa. Kwa hiyo sikuinuka mimi, niliinuliwa, na mbele yangu alisimama mlinzi mpana kama kabati. Kwa pembe ya jicho niliiona kofia ya shemeji ikigeuka, na chini ya kofia uso uliopauka. Amemwona mkewe.

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo na baridi. Meza moja, viti vitatu, chupa kubwa ya maji iliyogeuzwa kichwa chini, na ukutani skrini ndogo ndogo zikionyesha meza zote. Bwana Miwani akakaa kimoja, mdogo wangu akakaa cha pili, mimi cha tatu. Hatukutazamana.

"Maji, mama?"

"Sina kiu." Ulimi ulikuwa umekauka mpaka umegandia kwenye kinywa.

"Mimi ni mtu wa mitego," akasema, kama mtu anayesema ni wa kabila fulani. "Marehemu baba alikuwa anatega panya, mimi natega watu. Mara moja moja nachomeka kumi moja kwenye sanduku. Moja tu. Nakaa hapa natazama. Mchezaji wa kawaida akipata kumi anafurahi. Mwenye hesabu anashtuka."

Akabonyeza kitu. Kwenye skrini nikajiona, mwanamke mnene kidogo kuliko ninavyojidhania, mkono unapanda kwenye kola.

"Ulishtuka, mama."

"Kola inaniwasha, bwana. Kitambaa chenyewe cha mtumba."

"Kinakuwasha wakati wa kumi tu?"

 Niwaambie ukweli, hapo nilianza kupumua. Nikasema, basi, ni mimi amenikamata. Atanipiga picha, atanifukuza, nitarudi kwenye cherehani yangu nikashone mapazia mpaka kiyama. Mdogo wangu yuko salama. Nilikuwa tayari hata kukiri.

"Basi, bwana, nakiri. Nahesabu. Nifukuze."

"Nakufukuza, ndiyo," alisema kwa upole. "Ila wewe si shida yangu. Kuhesabu kwa kichwa ni kichwa chako. Shida yangu ni huyu."

Akamgeukia mdogo wangu.

"Binti, kwa nini hukuusimamisha mchezo?"

 Mtego alinitegea mimi, na aliyenasa ni mwingine.

"Sikuiona, bwana."

"Kidole chako kiliiona. Kilisimama."

"Nimechoka. Jana nilimaliza zamu nimechelewa, leo nimeitwa ghafla. Macho yaliniambia kitu, kichwa kikakataa. Nilidhani ni tisa." Sauti yake ilikuwa imara, lakini chini ya meza goti lake lilikuwa linacheza. Nilitamani kuliwekea mkono kama zamani alipokuwa anaogopa radi.

"Unamjua huyu mama?"

Akanitazama. Akanitazama kama mtu anayetazama mzigo wa mtu mwingine kwenye kituo cha basi.

"Simjui."

"Na wewe mama, unamjua binti huyu?"

Petro alimkana bwana wake mara tatu. Mimi niliambiwa nikane mara moja tu, na nilidhani nitakufa.

"Simjui. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa mezani kwake."

Na hilo la pili lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka vizuri.

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Nilikuwa nimemshika Mungu kwa mikono miwili. Kama hatujuani, basi yeye ni mgawa karata aliyechoka, na mimi ni mama mjanja niliyekutwa. Hakuna njama ya mtu na asiyemjua. Kila kitu kilikuwa kimeninginia kwenye uzi huo mmoja.

Mlango ukagongwa. Mlinzi akachungulia.

"Bosi, kuna mtu amesimama hapa nje. Namwambia aondoke, haondoki. Anasema anamsubiri mgawa karata."

Akamsukuma ndani. Shemeji. Kofia ameivua, ameikunjakunja mikononi kama kitambaa cha kufutia vyombo.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile, ingawa sasa naelewa. Alimwona mkewe anapelekwa chumba cha nyuma. Mwanamume mwingine angekimbia. Yeye, pamoja na ujanja wake wote, miguu ilikataa kutoka nje bila mkewe.

"Wewe ni nani?" Bwana Miwani aliuliza.

Shemeji alifungua mdomo, akaufunga. Samaki aliyeuziwa maji.

Mdogo wangu ndiye aliyemwokoa. "Ni mume wangu, bwana. Amekuja kunipitia. Nilipoitwa nilimwachia ujumbe kwa jirani kwamba niko hapa." Uso wake ulikuwa umelainika, kwa mara ya kwanza tangu alasiri. Maskini, alifurahi kumwona! "Nisamehe, mume wangu. Kuna maneno kidogo ya kazi, yanaisha sasa hivi."

"Hamna neno," shemeji alisema. Sauti yake ilitoka puani.

"Mumeo hachezi hapa?" Bwana Miwani aliuliza. "Sheria ya nyumba unaijua. Mume na mke wa mfanyakazi hawaruhusiwi mezani."

Mdogo wangu akacheka. Alicheka kwa moyo wote, kicheko chake cha nyumbani.

"Mume wangu? Huyu hata bahati nasibu ya shuleni kwa watoto hakununua. Ananisema mimi kila siku niiache kazi hii. Kwa ajili yake naweka mkono kwenye moto, bwana, hachezi."

Nilitazama chini. Shemeji alikuwa amesimama karibu yangu, bega lake juu ya kichwa changu. Niliisikia pumzi yake.

Bwana Miwani alimtazama shemeji, akanitazama mimi, akaitazama kofia. Kisha akapiga kiganja kwenye paja kama mtu aliyemaliza.

"Basi. Watu wanachoka, kazi hii inachosha. Binti, nitakupa onyo la maandishi, na kesho upumzike. Wewe ndiye mkono wangu bora, sitaki kukupoteza kwa ajili ya kumi moja."

"Asante, bwana." Mdogo wangu alishusha pumzi. Machozi yalimlengalenga.

Nami nilitaka kulia. Yamepita! Nilikuwa nimeanza kupanga kichwani jinsi nitakavyompigia magoti nyumbani, nimweleze yote, hata kuhusu mumewe, anipige akitaka. Nikaapa sitaigusa karata tena, hata kwa kuitazama dukani.

"Na wewe, mama yangu," Bwana Miwani akanigeukia na tabasamu. "Picha yako ninayo. Usirudi. Unaweza kwenda."

Nikapachika mkoba begani. Nikainuka.

Jamani.

Nilikuwa nimepiga hatua moja kuelekea mlangoni niliposikia kiti kikilia nyuma yangu. Nikageuka.

Shemeji alikuwa ameketi.

Hakufikiri. Hofu ilikuwa imemchukua kichwa chote, ikamwachia miguu, na miguu ilijua jambo moja tu. Nainuka, anakaa. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu kabla hakijapoa, mgongo umenyooka, kifua kimeegemea meza, na mkono wake wa kulia umeingia mfuko wa koti. Mfukoni mle sarafu za plastiki zikagongana. Mlio ule hakuna mtu wa kasino asiyeujua.

 Shemeji mwenyewe alijitazama pale alipoketi, akautazama mkono wake mfukoni kana kwamba ni wa jirani.

"Asante," Bwana Miwani alisema taratibu.

Ndipo nilipoelewa. Chumba chenye viti vitatu. Mtu wa nne kaachwa asimame ubavuni mwangu. Ruhusa ya kwenda iliyotolewa kwa tabasamu. Baba yake alikuwa anatega panya, na mtega panya mzuri hategi mtego mmoja.

"Kofia hii nimekuwa naitazama muda mrefu," aliendelea, huku akibonyeza vitu vyake. "Inashinda sana. Nikasema lazima kuna mtu anaiita. Nimetafuta sikio, nimetafuta leso, nimetafuta kikohozi. Mpaka nikaanza kuota. Kumbe ni kiti."

Kwenye skrini ikaja picha ya siku nyingine. Mwanamke mnene kidogo anainuka, anapachika mkoba. Mwanamume mwenye kofia anakuja, anakaa. Ikaja ya siku nyingine tena. Anainuka, anakaa. Nyingine. Anainuka, anakaa. Zote ni siku ambazo mdogo wangu yuko nyumbani anaosha vyombo, akidhani mumewe yuko kazini na dada yake yuko kwenye cherehani.

Sikuweza kuzitazama picha. Nilimtazama yeye.

Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, macho yanafuata kila mwanamke anayeinuka na kila mwanamume anayeketi. Saa nzima alikuwa amenikana ili aniokoe. Alidhani ananificha mimi, dada mjinga aliyepotea njia peke yake. Mkono aliouweka kwenye moto kwa ajili ya mumewe ulikuwa bado uko mezani, kiganja juu, kama anavyozionyesha kamera kwamba hana kitu.

Akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama kofia.

Nilijua kinachokuja. Nilimwomba kwa macho, nikatikisa kichwa kidogo, kidogo sana, nikamwambia moyoni nyamaza, mwanangu, uzi bado haujakatika, mke anaweza asijue ya mumewe, wewe mimi hunijui, hunijui, shikilia hapo hapo.

Lakini hakuwa mgawa karata tena. Alikuwa yule mtoto wa kitanda kimoja, aliyezinduka usiku wa radi akakuta nafasi pembeni yake ni tupu. Akanigeukia.

"Dada?" akasema.

Bwana Miwani alikuwa ameshaanza kufuta miwani yake. Akaacha.

"Umemwitaje?"